Kutoka Songwe hadi Bukoba: Umbali wa Ramani na Muda wa Safari

Mtu aliyeko Mbangala, katika wilaya ya Songwe inayopakana na Ziwa Rukwa, akiambiwa kwamba anatakiwa Bukoba, hataanza kwa kuuliza umbali. Atauliza atafika lini. Maswali hayo mawili hufundishwa shuleni kama swali moja: gawanya umbali kwa kasi, nawe utapata muda. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa kwa kitu kinachokwenda bila kusimama, bila kupinda, na kwa kasi isiyobadilika. Kwa msafiri wa ndege kati ya viwanja viwili vidogo vilivyo mbalimbali, kanuni hiyo hiyo yaweza kumdanganya mara nne au zaidi, na ni vema wanafunzi wa jiografia, hisabati na fizikia waelewe upungufu huo unatoka wapi.

Kwanza viwanja vyenyewe. Msafiri wa Mbangala hushuka kuelekea Mbalizi na kupandia ndege katika uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani uliokuwa ndani ya mji wa Mbeya. Hapa jina lataka uangalifu. Uwanja wa Songwe haumo katika mkoa wa Songwe. Umo katika mkoa wa Mbeya, nao uliitwa hivyo kwa bonde ulimojengwa. Mkoa wa Songwe, wenye makao yake Vwawa na mji wake wa mpakani Tunduma, ulianzishwa mwaka 2016, wakati uwanja ulikuwa umekwisha kupokea ndege kwa miaka zaidi ya mitatu. Uwanja wa Bukoba, kwa upande wake, uko ukingoni kabisa mwa Ziwa Viktoria, na ncha moja ya njia yake ya kurukia inaelekea majini.

Umbali ulionyooka

Ili kupata umbali kati ya mahali pawili si lazima kutembea na kamba. Latitudo na longitudo zatosha. Wataalamu wa Ufaransa walipobuni mita, mwishoni mwa karne ya 18, walikusudia kwamba umbali kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini, kwa mstari upitao Paris, uwe mita milioni 10. Umbali huo ni digrii 90. Kwa hiyo digrii moja ni kilomita 111 na ushei, na sehemu moja ya sitini ya digrii, yaani dakika moja ya pembe, ni karibu mita 1,852. Urefu huo ndio maili ya baharini, ambayo manahodha na marubani wameing'ang'ania hadi leo kwa sababu njema: anayejua tofauti ya latitudo kwa dakika anajua papo hapo umbali kwa maili.

Uwanja wa Songwe uko kwenye digrii 8 dakika 55 kusini, na digrii 33 dakika 16 mashariki. Bukoba iko digrii 1 dakika 20 kusini, na digrii 31 dakika 49 mashariki. Tofauti ya latitudo ni digrii 7 dakika 35, yaani dakika 455. Basi Bukoba iko maili 455 za baharini kaskazini mwa Songwe. Tofauti ya longitudo ni dakika 87, lakini hizi haziwezi kuhesabiwa kuwa maili moja kwa moja, kwani mistari ya longitudo hukaribiana kadiri iendavyo mbali na ikweta. Hapana budi kuzidisha kwa kosaini ya latitudo ya wastani, ambayo hapa ni kama digrii 5. Kosaini yake ni 0.996, karibu na ikweta punguzo ni dogo mno, na jibu ni maili 86.7. Kinachobaki ni pembetatu mraba ya kidato cha pili. Mraba wa 455 ukijumlishwa na mraba wa 86.7, kisha ikatafutwa kipeo cha pili, hupatikana maili 463 za baharini, au kilomita 858.

Mwanafunzi makini atapinga: Pitagora alihusika na ubao bapa, na dunia ni mviringo. Pingamizi hilo ni la haki. Njia fupi kabisa juu ya tufe ni sehemu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Lakini anayetumia kanuni kamili ya tufe, ile yenye saini na kosaini za latitudo zote mbili, atapata tena kilomita 858, kwa sababu katika eneo dogo lililo karibu na ikweta ubapa na mviringo hukaribiana sana. Tofauti hujitokeza mbali na hapa. Mtu akichora kwa rula mstari kutoka London hadi Tokyo juu ya ramani ya ukutani iliyochorwa kwa utaratibu wa Mercator, ataona mstari ukishuka polepole kati ya latitudo 51 na 36. Ilhali duara kuu kati ya miji hiyo hupanda hadi karibu na latitudo 70, juu ya Skandinavia na Siberia. Uzi uliovutwa juu ya tufe la darasani huonyesha jambo hilo kwa sekunde chache kuliko maneno yoyote.

Kuna sahihisho jingine dogo. Dunia si tufe kamili. Imebonyea kidogo kwenye ncha na kutuna kwenye ikweta. Kwa ajili hiyo digrii moja ya latitudo karibu na ikweta ni kilomita 110.6 tu, na karibu na ncha ni 111.7. Safari ya Songwe na Bukoba ni ya kusini kwenda kaskazini karibu yote, katika eneo hilo la digrii fupi. Sahihisho likiingizwa, umbali unashuka hadi kama kilomita 854. Kilomita 4 hazimsumbui abiria, ambaye kwake ni nusu dakika ya kuruka, lakini mpima ardhi hawezi kuzidharau. Katika makala hii itatumika hesabu ya tufe, ambayo kila mwanafunzi aweza kuirudia kwa kalamu yake.

Mstari huo ulionyooka huondoka Songwe na kupita kati ya Chunya na Ziwa Rukwa, huvuka mapori makubwa yaliyo kusini mwa Tabora, huiacha Tabora na Kahama kidogo upande wa mashariki, hupita karibu na Geita, kisha huingia juu ya pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria na kuishia Bukoba. Ni njia nzuri kwenye atlasi.

Ndege hewani na ndege uwanjani

Ndege za pangaboi za aina ya ATR, zinazotumika sana katika safari za ndani, huenda kwa karibu kilomita 500 kwa saa zikiwa zimekwisha kufikia kimo chake. Aina ya Dash 8 Q400, ambayo Air Tanzania ilianza kuipokea mwaka 2016, huzidi kilomita 600. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan huenda kwa kama kilomita 300. Kwa ATR, basi, kilomita 858 ni dakika 103.

Hesabu hiyo imesahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba ndege haianzi safari kwa kasi yake kamili. Lazima iwashe injini, ijongee hadi mwanzo wa njia ya kurukia, isubiri ruhusa ya mwongoza ndege, ipande kwa kasi ndogo, na mwishoni ishuke, ijipange na njia ya kutua, itue na kujongea hadi maegesho. Mashirika ya ndege huhesabu muda tangu vigingi vinapoondolewa kwenye magurudumu hadi vinaporudishwa, na muda huo ndio unaoandikwa kwenye ratiba. Kwa ndege ya aina hii si kosa kukadiria dakika 25 za nyongeza kwa kila mruko, uwe mrefu au mfupi. Msomaji aishike nambari hiyo. Itafanya kazi kubwa hapa chini. Kwa sasa yatosha kusema kwamba mruko mmoja wa moja kwa moja kutoka Songwe hadi Bukoba ungechukua dakika 128, yaani saa 2 na dakika 8.

La pili ni upepo. Ndege huogelea ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea juu ya ardhi. Tuseme upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa kilomita 60 kwa saa, jambo lisilo geni katika miezi ya kipupwe. Njia ya kwenda Bukoba huelekea kaskazini na kuegemea magharibi kwa digrii 11, na upepo huo huelekea kaskazini-magharibi. Pembe kati yao ni digrii 34. Ukigawanywa kwa vekta, upepo humsukuma rubani mbele kwa kilomita 50 kwa saa na kumsukuma kando, upande wa kushoto, kwa kilomita 34. Rubani asiyeurekebisha msukumo huo wa kando atajikuta, baada ya saa moja na nusu, zaidi ya kilomita 50 magharibi mwa Bukoba, akiangalia vilima vya kuelekea Karagwe badala ya maji ya ziwa. Dawa yake ni kugeuza pua ya ndege kama digrii 4 kulia, ndege iende kimshazari kama mtumbwi unaovuka mto.

Wengi hudhani kwamba upepo unaokopesha wakati wa kwenda hulipwa wakati wa kurudi, hesabu ikawa sawa. Sivyo. Kwenda, kwa kasi ya kilomita 549 juu ya ardhi, huchukua dakika 94; kurudi, kwa kilomita 449, dakika 115. Jumla ni 209, ambapo bila upepo ingekuwa 206. Sababu ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoizuia kuliko katika upepo unaoisaidia. Hasara hapa ni dakika 3 tu, lakini haiwezi kamwe kugeuka faida kwa safari ya kwenda na kurudi, hata upepo uvume upande gani, ilimradi haubadiliki. Mwalimu wa hisabati ana zoezi zuri la kuthibitisha hapo.

Uwanja wenyewe nao huamua ni ndege gani itakayotumika. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kwa hewa ya kawaida densiti katika kimo hicho ni kama asilimia 88 ya ile ya pwani. Mchana wenye joto la nyuzi 25 hushuka hadi asilimia 82 hivi. Nguvu inayoinua mabawa hutegemea densiti ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Densiti ikipungua hadi asilimia 82, mraba wa kasi hauna budi kuongezeka kwa asilimia 22, na kwa kuwa umbali wa kukimbia kabla ya kuruka hufuata mraba huo wa kasi, njia ndefu zaidi yahitajika. Injini pia hupungukiwa na nguvu katika hewa nyepesi, kwa hiyo hali ni ngumu kuliko hesabu hii inavyoonyesha. Uwanja wa zamani wa Mbeya ulikuwa na kimo cha mita 1,700 hivi na njia fupi. Songwe iko chini zaidi na njia yake inazidi kilomita 3. Huko jeti kubwa hutua bila shida. Lakini Bukoba, yenye kimo cha mita 1,150 hivi, ina njia isiyofika kilomita 2, iliyobanwa kati ya mji na ziwa. Ndege itakayounganisha viwanja hivyo viwili lazima ichaguliwe kwa kipimo cha kile kilicho kifupi. Urefu wa njia ya Songwe haumsaidii neno anayekwenda Bukoba.

Gharama ya kupinda

Sasa msafiri wa Mbangala na apande ndege yake, lakini asipate ya moja kwa moja. Apite Dar es Salaam, ambako njia nyingi za ndani hukutana. Kwa hesabu ile ile ya dakika za pembe, Songwe hadi Dar es Salaam ni kilomita 691, na Dar es Salaam hadi Bukoba ni kilomita 1,025. Jumla ni kilomita 1,716, ambayo ni mara mbili kamili ya kilomita 858. Ni sadfa ya jiografia, lakini ni sadfa yenye kufundisha: kila kilomita aliyotakiwa kwenda, msafiri huyu ameilipia mara mbili.

Tuseme tena kwamba ndege ya kutoka Dar es Salaam hutua kwanza Mwanza. Hapa atlasi ina jambo la kushangaza. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 851, na Mwanza hadi Bukoba ni 175. Jumla yake ni 1,026. Mwanza iko karibu kabisa juu ya mstari ulionyooka, hata kituo hicho kinaongeza chini ya kilomita 2. Anayepima safari kwa kilomita atasema kwamba kutua Mwanza ni bure. Anayepima kwa saa ataona vingine. Mruko mmoja wa kilomita 1,025 huchukua dakika 123 za mwendo na zile dakika 25 za nyongeza, jumla 148. Miruko miwili huchukua dakika 127, kisha dakika 40 hivi za kushusha na kupakia, kisha 46, jumla 213. Kilomita 2 zimegharimu saa moja na dakika 5.

Safari nzima basi ni hivi: dakika 108 hadi Dar es Salaam, saa 3 za kusubiri ndege ya pili (na huyo ni msafiri mwenye bahati), kisha dakika 213. Jumla ni dakika 501, yaani saa 8 na dakika 21, bila kuhesabu njia ya kutoka Mbangala wala muda wa kufika uwanjani mapema. Kilomita 858 zikigawanywa kwa muda huo, msafiri amesogea kuelekea Bukoba kwa kilomita 103 kwa saa. Hiyo ni kasi ya gari dogo kwenye barabara nzuri, ingawa mwili wake umekaa ndani ya chombo kiendacho kilomita 500.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Watu wengi, wakiwamo wale wanaopaswa kupanga usafiri, hudhani kwamba dawa ya safari ndefu ni chombo chenye kasi zaidi. Basi ndege zote katika safari hii na zibadilishwe ziwe na kasi mara mbili, kilomita 1,000 kwa saa, kasi ambayo hata jeti za abiria hazifiki. Muda wa mwendo utapungua kwa nusu, dakika 103 zitaokolewa, na safari itabaki dakika 398, yaani saa 6 na dakika 38. Kasi imezidishwa kwa asilimia 100, na muda umepungua kwa asilimia 21 tu. Kwa upande mwingine, ile Cessna ndogo ya injini moja, iendayo kilomita 300 kwa saa, ikinyoosha njia kutoka Songwe hadi Bukoba, itatumia dakika 172 na robo saa hivi ya kuruka na kutua: saa 3 na dakika chache. Chombo cha polepole kuliko vyote kimeshinda kwa zaidi ya saa 5.

Kwa nini basi ndege hiyo haiwekwi? Jibu si uzembe, au angalau si uzembe mtupu. Nchi yenye viwanja 20 ikitaka kila uwanja uwe na njia ya moja kwa moja kwa kila mwingine, itahitaji njia 190, kwa kanuni ya 20 mara 19 gawanya kwa 2. Ikichagua uwanja mmoja uwe kituo kikuu, njia 19 zatosha kumfikisha mtu yeyote popote kwa kubadili ndege mara moja. Abiria wa siku moja wanaotoka Songwe kwenda Bukoba hawajazi ndege ya viti 70. Lakini waendao Bukoba, Mtwara, Kigoma na Zanzibar, wakikusanywa pamoja hadi Dar es Salaam, huijaza. Kituo kikuu huokoa ndege na mafuta kwa kutumia muda wa abiria.

Kwamba kituo hicho kiko pwani, pembeni kabisa mwa nchi, hilo lina historia yake. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam na kufika Kigoma mwaka 1914, na tawi lake likafika Mwanza mwaka 1928. Reli ya TAZARA nayo, iliyokamilika mwaka 1975 na inayopita Mbeya na Tunduma, inaanzia mji ule ule. Njia zote zilichorwa kubeba mizigo kwenda bandarini. Ndege, ambazo hazihitaji reli wala daraja, zilifuata nyayo hizo hizo. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao Nairobi, lilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania kuunda shirika lake, kituo kilihamia Dar es Salaam. Kituo kikuu kikiwa katikati ya nchi, tuseme Tabora au Dodoma, msafiri wa Songwe na Bukoba asingelipia mara mbili. Na mwanafunzi aweza kuona kwamba Tabora ingeongeza umbali kidogo sana, kwa kuwa mstari wa safari unapita jirani nayo.

Wapo wasioweza kulipa kwa muda hata kidogo. Mgonjwa aliyepasuka mfuko wa uzazi, au aliyevunjika fuvu, hawezi kusubiri saa 3 katika chumba cha abiria. Kwa ajili hiyo huduma ya madaktari warukao ya AMREF, iliyoanzishwa mwaka 1957, tangu mwanzo ilijengwa juu ya ndege ndogo ziendazo moja kwa moja zinakohitajika. Kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Songwe ni kilomita 931 kwa mstari ulionyooka. Kwa ndege ya kilomita 500 kwa saa ni saa 2 hivi. Hakuna kasi ya ajabu humo. Kuna njia isiyopinda tu.

Mwanga, mawingu na akiba ya mafuta

Ratiba iliyonyooka kwenye karatasi bado yaweza kupindwa na hali ya hewa. Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi kuliko yote duniani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa huvuma kutoka ziwani, na mawingu huinuka juu ya ardhi. Usiku mambo hugeuka: hewa kutoka pande zote hukutana juu ya maji yaliyo vuguvugu, na mawingu ya radi huumuka ziwani hadi alfajiri. Upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea ufuko wa magharibi, nao ndio ufuko wa Bukoba. Kwa hiyo mvua kubwa huko mara nyingi hunyesha asubuhi, wakati ndege ya kwanza inapowasili. Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokuwa inakaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili.

Ndiyo maana ndege haijazwi mafuta ya kufika tu. Kanuni za kimataifa hutaka mafuta ya kufika, ya kwenda uwanja mwingine iwapo wa kwanza hautulii, na juu ya hayo akiba ya dakika 30 za kuzunguka angani kwa ndege ya injini ya tabini. Kwa Bukoba uwanja mwingine wa karibu wenye njia ndefu ni Mwanza, kilomita 175. Abiria anayelalamika kwamba ndege imerudi Mwanza ilhali Bukoba ilionekana dirishani hana budi kukumbuka kwamba uamuzi huo uliandikwa ndani ya tangi la mafuta kabla hajafunga mkanda.

Mwanga nao ni sharti. Uwanja usio na taa za njia ya kurukia hufungwa jua linapotua, na katika nchi za ikweta jua hutua karibu saa ile ile mwaka mzima. Kwa hiyo muda wa kusubiri hauongezeki kidogo kidogo. Ndege ya kwanza ikichelewa dakika 40, na ya pili ikawa haiwezi tena kufika kabla ya giza, abiria hachelewi dakika 40. Huchelewa hadi kesho yake. Wapangaji wa ratiba huliona jambo hili vizuri kuliko abiria, na ndiyo sababu hupenda kuacha saa 3 badala ya saa moja kati ya ndege mbili.

Neno moja zaidi kuhusu saa, kwa ajili ya wanaosafiri mara ya kwanza. Tiketi huandika saa 15:00, Mswahili husema saa 9 alasiri, na rubani na mwongoza ndege hutumia saa ya dunia, ambayo hapo ni 12:00. Ni wakati mmoja kwa majina matatu. Kutoka saa ya Kiswahili kwenda ya tiketi ni tofauti ya saa 6. Kutoka ya tiketi kwenda ya dunia ni tofauti ya saa 3.

Zoezi kwa darasa: Uwanja wa Mtwara uko digrii 10 dakika 20 kusini, na digrii 40 dakika 11 mashariki, Dar es Salaam iko digrii 6 dakika 53 kusini, na digrii 39 dakika 12 mashariki. Wanafunzi watafute umbali ulionyooka kutoka Songwe hadi Mtwara, na umbali wa kupitia Dar es Salaam. Majibu yakaribiane na kilomita 774 na kilomita 1,089. Kisha, kwa kutazama pembe iliyopo Dar es Salaam katika kila pembetatu, waeleze kwa nini msafiri wa Mtwara analipa kilomita chache kuliko yule wa Bukoba, na wakokotoe kama ndege ya kilomita 300 kwa saa iendayo moja kwa moja bado ingemshinda.